Jina la mshindi lisomwe sawasawa, kisha tuachiwe tuusikie uwanja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo huku Busia, upande wa Uganda, hutuchekesha karibu kila wiki, na ambalo kadiri ninavyolicheka ndivyo linavyozidi kunigusa. Nazungumzia namna tunavyotangaziwa michezo katika runinga na namna sherehe za utoaji wa tuzo zinavyoendeshwa mbele ya kamera. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nilifundisha miaka mingi Kapchorwa kabla ya kurudi nyumbani, na jioni zangu nyingi huzimalizia katika kibanda cha mpira kilicho karibu na maegesho ya malori, ambako Msamia, Mteso, Mganda, Mnubi na dereva aliyetoka Mombasa hukaa benchi moja na kuelewana kwa Kiswahili.

Usiku wa tarehe 18 Agosti 2025 kibanda hicho kilijaa hadi watu wakasimama mlangoni. Timu yetu ya taifa, Cranes, ilikuwa Namboole ikicheza na Afrika Kusini katika mashindano ya CHAN, yale ya wachezaji wanaosakata kabumbu katika ligi za nchini mwao, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda ziliyaandaa kwa pamoja. Dakika za lala salama zilitukuta tukiwa nyuma kwa mabao 3 kwa 1. Mama mwenye kibanda alikuwa amekwisha kuzima sauti ya runinga na kuwasha redio, kwa ombi letu sote, kwa sababu nitakazozieleza. Ndipo refa akatoa penalti. Mchezaji wetu alikuwa bado anauweka mpira kwenye alama, kipa wao ananyoosha mikono, sisi tumeshika vichwa, mara redio ikalipuka kwa sauti ndefu ya bao. Nusu ya kibanda iliruka juu. Nusu nyingine ikawapigia kelele wenzao wakae chini, kwa kuwa mpira ulikuwa haujapigwa. Kijana aliyekuwa akipitisha sinia la mayai ya kuchemsha aliinua mikono yote miwili kushangilia, na mayai yakatawanyika chini ya mabenchi. Sekunde chache baadaye mpira ukapigwa kwenye runinga, ukaingia, na wale waliokuwa wamekataa kuamini nao wakashangilia kwa zamu yao. Penalti ya pili ilipokuja, hakuna aliyeitazama picha. Watu wazima zaidi ya hamsini waligeuza shingo, wakaikodolea macho redio ndogo iliyokuwa juu ya kaunta, kana kwamba bao lingetokea humo, na kweli likatokea humo. Mechi ikaisha kwa sare ya 3 kwa 3 na Uganda ikasonga mbele hadi robo fainali.

Sababu ya redio kuitangulia picha inafahamika. Picha ya kidijitali hubanwa kwanza, hurushwa hadi kwenye setilaiti iliyo umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, hurudi ardhini, kisha king'amuzi huifungua upya, na kila hatua hula muda wake. Sauti ya redio ya FM kutoka mlingoti wa jirani hufika karibu papo hapo. Sote pale kibandani tulijua kwamba utamu wa bao utaharibika tukiwasha redio, na bado tukaiwasha. Hebu fikiri, Ndugu Mhariri, mtangazaji wa runinga anapaswa kuwa amekosea kiasi gani hadi watu waliolipa kiingilio wachague kuharibiwa utamu kuliko kumsikiliza.

Makosa yake yalikuwa mawili. La kwanza, kipindi kizima alimwita beki wetu mmoja kwa jina la mwenzake aliyekuwa amekaa benchi, na kila mara jina hilo lilipotajwa kamera ilimwonyesha mwenye jina akiwa amejifunika taulo anakunywa maji. Kicheko kilichotoka pale kingeweza kusikika hadi ng'ambo ya mpaka. La pili, hakunyamaza hata mara moja. Alitueleza kwamba mpira uko upande wa kulia wakati tunauona upande wa kulia, akatueleza kwamba mchezaji ameanguka wakati tunamwona chini anagaagaa, na pale pasipokuwa na la kueleza akaingiza habari za usajili wa Ulaya, akasoma tangazo la vinywaji, akatuma salamu kwa jamaa zake. Mzee mmoja wa benchi la mbele, ambaye kwa kawaida haongei, alisema kwa upole: "Kijana huyu anadhani sisi ni vipofu." Neno hilo limekaa moyoni mwangu tangu siku ile, kwa sababu lilikuwa utambuzi sahihi wa kitaalamu uliotolewa na mtu asiyejua kusoma.

Maana utangazaji wa mpira ulizaliwa kwa ajili ya watu wasioona uwanja. Tarehe 22 Januari 1927, BBC ilipotangaza mechi ya soka redioni kwa mara ya kwanza, kati ya Arsenal na Sheffield United pale Highbury, jarida la Radio Times lilikuwa limechapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa katika miraba yenye namba. Msikilizaji aliuweka mchoro mapajani. Mtangazaji akieleza mchezo, sauti nyingine ilitaja namba ya mraba ambamo mpira ulikuwa. Kazi ya redio ni hiyo hadi leo: mpira uko wapi, nani anao, anaelekea wapi, amebakiwa na nafasi gani. Mtangazaji wa redio akinyamaza sekunde tano, uwanja mzima umezimika. Ndiyo maana hata mihemko mikubwa ya redio ina haki yake. Víctor Hugo Morales alipotangaza bao la pili la Diego Maradona wa Argentina dhidi ya Uingereza katika Kombe la Dunia, tarehe 22 Juni 1986, alimfuata hatua kwa hatua tangu upande wake mwenyewe wa uwanja, na ni baada ya mpira kuingia wavuni ndipo alipolia, akamwita tiara ya angani, akamuuliza ametoka sayari gani. Alikuwa amekwisha kutimiza wajibu kwa msikilizaji wake.

Runinga inadai kazi nyingine. Picha inasema yenyewe. Kinachotakiwa kutoka kwa mtangazaji ni kile ambacho jicho haliwezi kukipata peke yake, na cha kwanza katika hivyo ni jina. Wachezaji ishirini na wawili wanakimbia mbali na kamera, jezi za kila timu zina rangi moja, namba za migongoni hazisomeki kwenye runinga ndogo ya kibanda. Tunamhitaji atuambie ni nani. Baada ya hapo tunahitaji kusikia uwanja: vuvuzela, ngoma, wimbo, kishindo cha watu wanaosimama kwa pamoja. Mtangazaji wa besiboli wa Marekani, Vin Scully, alilielewa hilo vizuri. Hank Aaron alipoivunja rekodi ya Babe Ruth ya mipigo ya kuutoa mpira nje ya uwanja, mjini Atlanta tarehe 8 Aprili 1974, Scully alitangaza kwamba mpira umekwenda, kisha akanyamaza muda mrefu, akawaacha watu wa uwanjani waongee kwa shangwe zao. Aliporudi alikuwa na jambo la maana la kusema, na watu wakamsikiliza.

Kuhusu majina nina kisa kimoja ambacho nimewasimulia wanafunzi wangu mara nyingi, kwa kuwa kinaanzia Mexico na kuishia kwetu. Katika Olimpiki ya mwaka 1968 Mwingereza David Hemery alishinda mbio za mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 48.12, rekodi ya dunia. Mtangazaji wa BBC, David Coleman, kwa furaha ya kuona mtu wa kwao ameshinda, alimtaja wa pili, kisha akasema hewani kwamba nani anajali wa tatu ni nani. Wa tatu alikuwa John Sherwood, naye Mwingereza! Coleman alikuwa mmoja wa watangazaji hodari wa zama zake, na kwa sentensi moja iliyomtoka kwa pupa alimnyima mwananchi mwenzake dakika ambayo mtu huipata mara moja maishani. Sasa tazama kilichofuata miaka minne baadaye mjini Munich. Tarehe 2 Septemba 1972 askari polisi kutoka Uganda, John Akii-Bua, aliwekwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa yenye kona kali ambayo wakimbiaji wa viunzi hawaipendi, na akamaliza kwa sekunde 47.82, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 48. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki. Na mtu wa tatu siku hiyo, ambaye sasa ulimwengu ulipaswa kumjali, alikuwa David Hemery.

Darasa langu lilikuwa likicheka sana hapo, na mimi nilikuwa nikicheka nao, kisha nikiwauliza: kama ingekuwa ni baba yako yuko pale nafasi ya tatu? Kapchorwa ni mahali pa kuuliza swali kama hilo. Ni nyumbani kwa Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya London tarehe 12 Agosti 2012 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, akiwaacha nyuma Wakenya Abel Kirui na Wilson Kipsang. Ni nyumbani kwa Joshua Cheptegei, ambaye mwaka 2020 aliweka rekodi mbili za dunia ndani ya miezi miwili, mita 5,000 mjini Monaco na mita 10,000 mjini Valencia. Jirani yao, Bukwo, alitoka Peruth Chemutai, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki, tarehe 4 Agosti 2021 mjini Tokyo, katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Nimewasikia watangazaji wa nchi mbalimbali wakiyasoma majina haya kama mtu anayetembea gizani kwenye chumba chenye viti. Nimesikia "Cheptegei" likitamkwa kwa namna nne tofauti katika mbio moja ya mizunguko ishirini na mitano, na kibanda kizima kikijibu kila mara kwa kulitamka sawasawa, kama darasa linalomsahihisha mwalimu mgeni.

Ninaomba watangazaji wajue kwamba majina hayo yana maana kwa wenyewe. Kwa Wasabiny, wenyeji wa Kapchorwa na Bukwo, kama kwa ndugu zao Wakalenjin wa Kenya, Kiprotich ni mtoto aliyezaliwa wakati ng'ombe wanarudi nyumbani, na ndani ya Chemutai mna asubuhi. Binti aliyepewa jina la asubuhi alimaliza mbio zake za Tokyo huku sisi Uganda ikiwa ni mchana, watu wameacha biashara zao sokoni kumtazama. Je, si kitu kizuri cha kusema katika zile dakika ndefu za mizunguko ya mwanzo, kuliko kutusomea tena bei za ving'amuzi? Mtangazaji hahitaji kuijua lugha yao, Kupsabiny. Anahitaji kumwendea kocha au mwandishi mmoja wa Uganda kabla ya mbio na kumwomba amtamkie jina taratibu mara tatu.

Nageukia sherehe za tuzo, ambazo nazipenda, na ambazo kibandani kwetu huonyeshwa siku zisizo na mpira. Huko nako jina ndilo kila kitu, kwa sababu sherehe nzima, pamoja na zulia jekundu, taa, muziki na mavazi, imejengwa kwa ajili ya sekunde mbili za jina kutoka kinywani. Na bado sekunde hizo mbili ndizo zinazoharibika. Mwaka 2014, kwenye Oscar ile ile ambayo dada yetu Lupita Nyong'o wa Kenya alishinda, John Travolta alipanda jukwaani kumkaribisha mwimbaji Idina Menzel na akatoa jina jingine kabisa, Adele Dazeem, ambalo halijawahi kuwa la mtu yeyote ukumbini. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Desemba 2015, mshereheshaji Steve Harvey alimtangaza Ariadna Gutiérrez wa Colombia kuwa Miss Universe. Binti akavishwa taji, akapunga mkono, akatoa machozi. Kisha Harvey akarudi, akasema amekosea, akaomba radhi, na taji likavuliwa kichwani pake mbele ya ulimwengu na kuwekwa kwenye kichwa cha Pia Wurtzbach wa Ufilipino. Kibandani walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi sikuweza. Nilimtazama binti yule wakati pini za taji zinatolewa katika nywele zake, nami nina mabinti.

Lakini kosa lililonifundisha zaidi ni lile la Oscar ya tarehe 26 Februari 2017. Faye Dunaway alitangaza kwamba filamu bora ni La La Land. Watayarishaji wake walipanda, wakawashukuru wake zao na wazazi wao, na walipokuwa katikati ya shukrani watu wenye vifaa vya masikioni wakaanza kupita nyuma yao kwa haraka. Mmoja wa watayarishaji hao hao, Jordan Horowitz, ndiye aliyekwenda kwenye kipaza sauti akasema kumetokea kosa, mshindi ni Moonlight, na kwamba hafanyi mzaha. Akainua kadi juu watu wote waione. Utaratibu ulikuwa hivi: wahasibu wawili wa kampuni ya PricewaterhouseCoopers walisimama pande mbili za jukwaa, kila mmoja ana bahasha kamili za vipengele vyote, ili mtoa tuzo akitokea upande wowote apewe ya kwake. Bahasha ikitumika upande mmoja, nakala yake ya upande wa pili inapaswa kuwekwa kando. Nakala ya mwigizaji bora wa kike, iliyokuwa na jina la Emma Stone na la filamu yake, hiyo hiyo La La Land, haikuwekwa kando, na ndiyo aliyokabidhiwa Warren Beatty, aliyepanda na Dunaway kutoa tuzo. Mtu mzima yule aliifungua, akaiona haieleweki, akatazama ndani ya bahasha tena kana kwamba kuna karatasi imebaki, akamwonyesha mwenzake, naye akasoma jina la filamu aliloliona.

Pale pana somo la kazi ambalo kila mshereheshaji wa Kampala, Mbale na Gulu angelipokea. Beatty alijua kwamba kadi haikuwa sawa. Uso wake ulionyesha. Kilichomshinda ni ukimya: kamera zinamtazama, ukumbi unasubiri, na ikaonekana ni afadhali kusema kitu kuliko kusimama kimya na kuuliza. Ni ugonjwa ule ule wa mtangazaji wetu wa mpira anayeogopa sekunde tatu bila neno. Baada ya kosa hilo waandaaji walibadilisha mambo: jina la kipengele likaandikwa kwa herufi kubwa mahali pa kuonekana, mhasibu wa tatu akawekwa chumba cha mitambo, wahasibu wakakatazwa simu nyuma ya jukwaa. Hatua hizo hazihitaji fedha nyingi, na sherehe zetu zinaweza kuziiga bila kusubiri aibu ya namna hiyo.

Kwetu shida huwa ya aina nyingine pia. Nimewahi kutazama hafla moja ya tuzo za muziki iliyorushwa mubashara kutoka Kampala, ambapo wadhamini walitajwa majina kwa ukamilifu, mara tatu, kwa utaratibu na heshima, mgeni rasmi akapewa muda wa kueleza historia ya maisha yake, na saa za usiku zilipokwisha washindi wa vipengele kadhaa wakasomwa kwa pamoja kama orodha ya mahudhurio, bila hata mmoja kuitwa mbele. Miongoni mwao alikuwamo msanii mzee wa kadongo kamu, muziki wa gitaa wa Kiganda, amevaa kanzu na koti, aliyesimama kwenye kiti chake akapunga mkono. Kamera haikumpata. Tulimwona kwa bahati, pembeni ya picha, mkono wake ukiwa juu. Siwataji waandaaji, wala sidhani walikusudia ubaya, ila naomba wajue kwamba sisi tulioko mbali tulimwona mzee yule na tukasikitika.

Wakubwa wa nje nao wana lao. Kijana wetu Eddy Kenzo, aliyekuwa ameshinda tuzo ya BET mwaka 2015, alipoteuliwa kuwania Grammy, watu wengi hapa walikesha. Sherehe ya tarehe 5 Februari 2023 ilianza kuonyeshwa saa kumi alfajiri kwa saa zetu. Vijana walikunywa chai ya tangawizi, wakapigana na usingizi, na ilipofika alfajiri wakagundua kwamba kipengele chake kilikwisha kutolewa usiku, katika hafla ya awali ambayo huhitimisha sehemu kubwa ya vipengele, vilivyokuwa 91 mwaka huo, kabla ya onyesho kubwa la runinga. Walikuwa wamekesha kusubiri jambo lililokwisha kupita. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, nami naona fundisho hapo kwa vituo vyetu: kama mwenetu yuko kwenye orodha, tutangazieni saa yake halisi, muionyeshe hafla hiyo ya awali, na mtuwekee mtu wa kutueleza kwa lugha tunayoielewa.

Na kuhusu saa, ndugu zangu watangazaji wa Uganda mnaojaribu Kiswahili, nawapongeza kwa moyo wote, lakini jifunzeni saa kabla ya kitu kingine. Mmoja wenu, katika redio ninayoihifadhi jina, aliona kwenye karatasi yake mechi ni saa 7:00 jioni kwa hesabu ya Kiingereza, akatutangazia kwamba itaanza "saa saba usiku". Muuza matunda mmoja, mtu mwaminifu kwa timu yake, alilala mapema ajipatie nguvu, akaamka usiku wa manane, akavaa jezi, akaja akagonga mlango wa kibanda. Mlinzi alimwambia mechi ilianza saa moja na watu wamekwenda kulala. Tulicheka wiki nzima, na yeye akacheka nasi, lakini bao la timu yake hakuliona.

Sisemi hivi kuwavunja moyo. Kiswahili kina utajiri wa kutangaza mpira ambao lugha chache zinao. Mtu "ameotea", shuti "limepaa", kipa "amepangua", beki "ameondosha hatari", mshambuliaji "amecheka na nyavu": kila neno ni fupi, lina picha, na linamwachia mtazamaji nafasi. Tuliolelewa na redio tulimsikia Leonard Mambo Mbotela kutoka Nairobi na Charles Hilary kutoka Dar es Salaam, ambao wote wawili wametutoka mwaka 2025, mmoja Februari na mwingine Mei, na naamini hakuna msikilizaji wa umri wangu asiyezikumbuka sauti zao. Leo vijana wa Busia hufuatilia Simba na Yanga kwa lugha hiyo, na walizipenda zaidi kwa sababu ya Waganda kama Emmanuel Okwi na Khalid Aucho waliozichezea. Wanajua maneno yote. Ninachokitamani ni kusikia maneno hayo kutoka kinywa cha kijana wa Uganda, akitangaza mechi ya Uganda, na akiyatamka majina ya Kiganda, Kisabiny, Kiacholi na Kilugbara jinsi mama zao walivyoyatamka. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu tunajua kwamba kitabu peke yake hakitoshi. Mtoto hujifunza haraka lugha anayoisikia bao linapoingia.

Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 zimepangiwa Kenya, Tanzania na Uganda. Katika nchi hizo tatu, lugha inayoweza kukaa benchi moja ni hii. Naviomba vituo vya runinga vya Uganda vianze mapema kuwatafuta vijana wawili au watatu wenye Kiswahili safi, viwapeleke Namboole na viwanja vya wilayani watangaze mechi za ligi kwa majaribio, na viwafundishe kuhesabu sekunde kumi bila kusema neno wakati mashabiki wanaimba. Wapewe pia mtu wa kukaa nao na karatasi ya majina ya timu zote mbili, ameyathibitisha kwa wenyewe saa moja kabla ya mpira kuanza.

Na kwako, Ndugu Mhariri, nina ombi dogo. Gazeti lako lingeweza kuchapa, kila wiki yenye mechi ya Cranes au mbio kubwa, majina ya wachezaji yaliyogawanywa kwa silabi, ili mtangazaji na mshereheshaji yeyote ayakate na kuyabeba mfukoni. Yale ya Kapchorwa na Bukwo niko tayari kuyaandika mimi mwenyewe, bila malipo, na kuyaleta kwa mkono kwenye ofisi yenu ya karibu, kwa kuwa baadhi ya wenye majina hayo nilikuwa nikiwaita kila asubuhi kutoka kwenye rejesta ya darasa.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Busia, Uganda